Shingo ya Dalali

Dalali alikuwa na desturi ya kumtazama mtu miguu kwanza, kisha meno, na uso mwisho kabisa, kama bado alikuwa na haja nao. Mimi alinitazama hivyo siku niliyofika Garissa na sanduku langu la mbao, mwalimu mgeni kutoka Lamu, nikitafuta chumba cha kupanga. Alinizunguka uani kwake, akasema chumba kipo, halafu akamgeukia mkewe na kumwambia kwa Kisomali maneno ambayo nilikuja kuyaelewa baadaye: "Huyu wa pwani hafiki masika."

Nilifika masika, nikafika na mengine mengi. Niliishi katika ua wake karibu miaka yote ya vita vya shifta, vita vya serikali na waasi wa Kisomali, ukuta mmoja kati ya kitanda changu na chake, na sikumpenda hata siku moja. Nasema mapema kwa sababu watu wakishakufa huandikwa kama kwamba walikuwa asali. Huyu hakuwa asali. Alikuwa mtu mkavu, mbinafsi, mwenye ndevu zilizopakwa hina na mdomo ambao haukumsifu mtu, na ugonjwa haukumfanya mwema. Nimesikia watu wakisema maradhi husafisha roho. Yake iliingia chafu na ikatoka chafu.

Kazi yake ilikuwa kuuza mifugo ya watu. Mwenye ng'ombe husimama upande huu, mnunuzi upande ule, naye katikati, mkono wake chini ya shuka, akishikana vidole na mmoja kisha na mwingine, bei ikipita bila neno. Wapo madalali wengi Garissa. Huyu alichowazidi ni mguno. Kabla mwenye mnyama hajafungua mdomo, yeye aliguna. Alimzunguka fahali aliyenona, mzima, ngozi inameta, akaguna. Akainua mkia, akaguna. Nimemwona mchungaji aliyetembea siku nyingi kutoka porini akianza kuomba radhi kwa ajili ya fahali wake mwenyewe.

Hakumwita mtu kwa jina. Jirani yetu mmoja alikuwa Kifua, mwingine Goti, na muuza maziwa, mama wa watu mwenye heshima zake, alikuwa Jino. Mimi nilikuwa Maalim, na usidhani ilikuwa heshima. Kwake maalim ni mtu ambaye hakujaliwa mifugo. Akiwa na wageni alininyooshea kidole na kuwaambia, "Huyu nakula maneno. Asubuhi maneno, jioni maneno. Ndiyo maana nabaki hifyo." Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni, kila p imegeuka b na kila v imegeuka f, na aliniambia mara nyingi kwamba Kiswahili changu ndicho kilichoharibika, kwa kuwa hakuna aliyenielewa pale sokoni.

Vita vilipochacha, serikali iliamuru watu wa porini waingie katika vijiji vyenye ua wa miiba, wahesabiwe, wasitoke bila ruhusa. Familia zilishuka na wanyama ambao hazikuwa na mahali pa kuwalisha. Dalali alikuwa akitoka alfajiri na chupa ya chai, anakaa kwenye njia wanayopita, nje kidogo ya mji, ili awe wa kwanza kuonwa. Hapo aliguna kuliko alivyowahi kuguna. Nilimpita siku moja nikienda shule, na mbele yake palikuwa na mama aliyeshika kamba ya ngamia wake wa mwisho. Mama hakuwa akibishana. Alikuwa akimtazama tu mtu anayemguna ngamia wake. Siku hiyo nilimdharau hata nikaona haya kunywa maji ya mtungi wake.

Aliiuzia kambi ya askari nyama. Walisema pia anapeleka majani ya chai kwa shifta, lakini hilo sikuliona kwa macho yangu. Mtu akimuuliza yuko upande gani, alijibu, "Mimi niko ubande ya ng'ombe."

Lakini kuna jambo moja ambalo sijawahi kuliweka mahali pake. Kundi moja la ng'ombe lilikamatwa na askari na kufungiwa boma nje ya mji wakati wa kiangazi, mchungaji hana ruhusa ya kukaribia, na wale wanyama wakawa wanalia kwa kiu hata sisi wa mjini tunasikia. Dalali alikodi mikokoteni ya punda yenye mapipa ya maji, akazungumza na mlinzi ambaye alimjua kwa sababu ya nyama, na ng'ombe wakanywa. Mzee mmoja alipokuja kumshukuru, alimfokea. "Nitawanunua kesho," alisema. "Unataka ninunue ngozi?" Kesho hakuwanunua. Wala kesho kutwa. Nilimuuliza mkewe kwa nini, naye akasema, "Mimi nimeolewa naye tangu nikiwa msichana, Maalim, na hayo maswali niliyaacha zamani."

Uvimbe ulianza chini ya taya, upande wa kushoto, punje kama ya dengu. Ikawa kama yai la njiwa. Kisha mengine yakajipanga chini yake kuelekea begani. Alivaa shali shingoni katika joto la Garissa, joto ambalo mtu huvua hata fulana, na alipoulizwa alisema ana mafua. Mkewe alijua, kwa kuwa yeye ndiye aliyemfulia ile shali na kuona jasho la usiku lilivyoiloweka.

Kwanza waliitwa wachomaji. Alikuja mzee mmoja na chuma chake, akakipasha moto, akamchoma alama kadhaa kuzunguka uvimbe. Dalali hakulia. Alipomaliza kuchomwa alimwambia yule mzee kwamba anachoma kama mtu anayebanika nyama ya kuibwa, haraka haraka na bila kugeuza. Kisha akaja shehe, akamwandikia aya, zikaoshwa kwa maji, akanywa. Hilo peke yake hakulidharau. Alilalamika tu kwamba kikombe kilikuwa kidogo.

Wageni wa kumpa pole walijaa ua. Kila mmoja alikuwa na dawa na kila mmoja alikuwa na binamu aliyepona kwayo. Mkojo wa ngamia, mafuta ya mkia wa kondoo, asali iliyotoka mbali. Dalali aliwasikiliza akiwa ameegemea ukuta, kisha akauliza, "Na huyo binamu yako yuko wapi siku hizi?"

"Alikufa, Mungu amrehemu. Lakini alikufa kwa jambo jingine."

Dalali aliguna. Nakiri kwamba siku hizo mguno wake ulinipendeza kidogo.

Daktari wa mjini alipomwona alisema aende Nairobi bila kuchelewa. Ndipo nilipoingia mimi. Kusafiri wakati ule kulikuwa kwa msafara wa magari yenye ulinzi, na vizuizi kila mahali, na Msomali aliyekutwa njiani aliulizwa maswali mpaka akasahau anakokwenda. Dalali alikuja mlangoni kwangu shule zilipofungwa. "Utakuja na mimi," alisema. "Uso yako ni basi." Alimaanisha pasi. Nilitaka kukataa. Jioni mkewe alinifuata karibu na jiko, akasimama mbali kidogo kwa adabu.

"Maalim, namjua mume wangu. Kiingereza hajui, na kiburi anacho. Wakimwambia kitu asichokielewa atasema ndiyo, asionekane hajui. Nenda naye. Si kwa ajili yake."

Nikaenda kwa ajili yake yeye mama.

Katika kizuizi kimoja askari kijana alituamuru tushuke. Aliniuliza huyu ni nani, nikasema ni mwenye nyumba wangu, mgonjwa. Askari hakuamini. Aliinua ile shali kwa ncha ya fimbo yake, akaona shingo, alama za moto na uvimbe uliojaa mpaka sikioni, akarudi nyuma na kutuambia tupite. Tulipokaa tena garini Dalali aliifunga shali yake taratibu. "Sasa niko na basi yangu," akasema. "Wewe ungebaki nyumbani."

Hospitali walimkata kipande cha uvimbe wakakichunguza, tukasubiri siku nyingi katika chumba cha jamaa zake huko Eastleigh. Daktari aliyetuita alikuwa Mhindi, mwembamba, mikono ya shati imekunjwa, na macho ya mtu ambaye hajalala vizuri. Aliongea nami Kiingereza, nami nikageuza.

"Ni saratani, adeer," nilimwambia. Adeer ndivyo wazee wanavyoitwa kwao kwa heshima, na mbele ya watu nilimpa heshima yake. "Saratani ya tezi. Inatembea kutoka tezi moja hadi nyingine. Wana dawa ya sindano."

"Uliza hiyo dawa iko na miaka mingabi."

Niliuliza. Daktari alishangaa kidogo, akasema si mingi, ni dawa changa.

"Ndama," Dalali akasema. "Huyu nataka kuniuzia ndama. Uliza wangabi wamedungwa, na wangabi natembea."

Daktari hakukasirika. Alisema wapo ambao uvimbe hupungua, na wapo ambao haupungui. Hata wanaopata nafuu, wengi wao uvimbe huwarudia baadaye. Nilipouliza baada ya muda gani, alisema hajui.

Dalali alimtazama kwa muda mrefu, kisha akaniambia kwa Kisomali, "Huyu hajui kuuza kabisa." Akakunja mkono wa kanzu yake na kuunyoosha mezani.

Alikuwa mgonjwa mbaya kuliko wote niliopata kuwaona. Alitapika akalaumu wapishi. Aliwaambia wauguzi kwamba wanadunga kama wanaotafuta kitu kilichopotea. Ndevu zake zenye hina zilinyofoka kwa mafungu, na muuguzi mmoja wa Kikamba alipotaka kumsaidia kuzipangusa kwenye mto wake wa kulalia, alimwondoa mkono. Nilikaa kwenye benchi lililokuwa karibu na nikafikiri kwamba kuna watu wema wengi waliokufa bila daktari, porini, ndani ya ua wa miiba, na huyu anahudumiwa na bado anatukana. Sikujizuia kufikiri hivyo. Hata leo sijizuii.

Lakini shingo ilipungua. Ilipungua mbele ya macho yetu, mpaka taya yake ikaonekana tena. Tuliporudi Garissa aliingia sokoni bila shali, kidevu juu, hana unywele usoni, kama kuku aliyenyonyolewa, akiwaonyesha watu shingo. Ungedhani ameitengeneza mwenyewe. Muuza maziwa alikuwa na mume aliyekohoa damu, akamuuliza kwa unyenyekevu jinsi ya kupata nafasi huko Nairobi. Dalali alimwambia kwamba ugonjwa unawashinda watu wasio na kichwa. Yule mama alichukua kibuyu chake akaondoka. Mumewe alikufa mwezi ule. Nilimsikia mke wa Dalali, ambaye sijawahi kumsikia akipaza sauti, akimwambia mumewe upande wa pili wa ukuta, "Ungeweza kumwambia njia tu. Njia si mali yako."



Uvimbe ulirudi wakati wa kiangazi kikali, safari hii pande zote mbili, na mwingine kwapani. Shali nayo ikarudi. Tulipanda tena msafara. Mara hii walimlaza kwa majuma mengi, nami nilikwenda kumwona kila nilipoweza kupata ruhusa shuleni, na huko wodini ndipo nilipoona kitu cha ajabu. Dalali alikuwa akiwakagua wagonjwa.

Alitembea kitanda hadi kitanda na blanketi mabegani. Aliwatazama miguu kama imevimba. Aliwaambia watoe ulimi, nao wakautoa, wakidhani labda ni mganga. Alivuta ngozi ya mkono kuona inarudi upesi au inachelewa. Kisha akarudi kwangu na hukumu zake.

"Yule askari ya kitanda ya dirisha nabona. Kifua nzuri, meno nzuri, nakula. Yule mzee wa makaa, hamalizi mwezi. Mtazame shingo, kama ya mbuzi ya kiangazi."

Askari alikuwa kijana wa polisi, mcheshi, mwenye uvimbe tumboni. Mzee wa makaa alikuwa Mkikuyu aliyechoma makaa maisha yake yote, amekauka kama kuni zake, haongei. Wote walidungwa dawa ileile. Dalali alisema atamtazama askari, na askari akipona atakubali kwamba dawa ni nzuri. Alimpelekea hata maziwa yake mwenyewe ya chupa. Mpaka siku hizo sikuwa nimemwona akimpa mtu yeyote kitu.

Nilipokwenda tena, kitanda cha dirisha kilikuwa na mtu mwingine. Askari alikuwa amekufa. Mzee wa makaa alikuwa amekaa kitandani, amevaa koti, kikapu mapajani, anamsubiri mwanawe aje wapande basi kwenda nyumbani. Alimpungia Dalali mkono wa kuaga. Dalali hakurudisha salamu.

"Alikuwa mzima," aliniambia kwa Kisomali. "Nilimkagua mwenyewe. Hakuna ambaye angemkataa sokoni."

"Adeer, watu si ng'ombe."

Nilisema hivyo kwa ukali, na nilitegemea anijibu kwa ukali. Alijifunika blanketi akageukia ukuta. Tangu siku hiyo hakumkagua mtu, na nadhani lililomuumiza si kifo cha yule kijana. Lililomuumiza ni kwamba jicho lake, ambalo ndilo pekee alilokuwa ameliamini duniani, lilimdanganya juu ya jambo lililomhusu yeye.

Sindano za awamu ile zilipunguza uvimbe nusu, kisha zikaacha. Daktari alituita. Alitoa kalamu akachora shingo na kifua kwenye karatasi, akaniambia nimwambie kuna njia tatu. Ya kwanza ni miale. Atalala chini ya mashine kila siku kwa majuma mengi, atakaa Nairobi muda wote huo, koo litachubuka, kumeza kutakuwa shida, lakini kwa kuwa ugonjwa umekaa shingoni na kwapani, kuna matumaini ya maana. Ya pili ni sindano tena, zilezile, ambazo hazitarajiwi kufanya zaidi ya zilivyofanya. Ya tatu ni kurudi nyumbani, apewe dawa ya maumivu.

"Hiyo mashine nachoma?"

"Inachoma, lakini moto wake hauonekani."

"Nimechomwa tayari," Dalali akasema. "Ile ya kwanza niliona moto. Uliza nibewe nusu. Nusu ya majuma, kisha tutaona."

Daktari alisema nusu haifai, ni kama kutotibiwa kabisa.

"Hakuna kitu duniani hakina nusu."

Walivutana hivyo mpaka mimi nikachoka kugeuza maneno. Mwisho Dalali akainuka, akasema atafikiri, na tukarudi Garissa na shingo yake bado imevimba. Alifikiri miezi mingi. Alifikiri kwa namna yake ya kulaumu kila kitu. Nairobi kuna baridi. Chakula hakina chumvi. Mashine ni ya watu wanaotaka kuijaribia mwilini mwake. Waliokuja kumshawishi aliwafukuza, na waliokuja kumwambia abaki aliwafukuza pia.

Asubuhi moja mkewe alileta chai, akaiweka, hakuondoka. Mlango wangu ulikuwa wazi na walijua nipo.

"Umeamua?" akauliza.

"Hakuna bei nzuri kati ya hizo tatu."

"Sikukuuliza bei."

"Wewe unataka niende nife kwa watu wasionijua."

"Mimi nataka useme. Ukisema unabaki, nitakuuguza hapa na sitakulaumu, wallahi. Ukisema unaenda, nitakufungia mzigo. Lakini wewe unakaa hapo unaguna. Unaugunia ugonjwa. Ugonjwa hauna mwenyewe wa kuona aibu akakupunguzia."

Nilimsikia Dalali akiinua kikombe na kukiweka tena bila kunywa.

Siku chache baadaye Dalali aliondoka bila kuaga, akapata nafasi kwenye lori la bidhaa lililokuwa na kibali, akaenda kwa binti yake upande wa Wajir. Mkewe aliniambia kwamba amekwenda kuwatazama ngamia. Aliniambia bila kuniangalia.

Nitasema sasa mambo yalivyoisha, nisije nikaonekana ninamficha mtu kitu. Alipata miale, yote, bila nusu. Koo lilichubuka kama daktari alivyosema, akakonda, akaishi kwa uji na maziwa, na uvimbe ukanywea. Aliishi mpaka vita vikaisha na baadaye kidogo, akarudi sokoni, akaguna na kuwapunja watu kama zamani. Ugonjwa ulipomrudia tena, mara ya mwisho, alikataa kwenda popote, akafa nyumbani kwake, mkewe amekaa kando yake. Sikuwepo. Nilikuwa nimehamishiwa shule ya Wajir, na habari zilinifikia kupitia dereva. Nikasema inna lillahi, nikaendelea kusahihisha madaftari.

Mara ya mwisho kumwona ilikuwa katika uhamisho huo. Gari nililopanda liliharibika kifaa, tukavutwa hadi Hadado, tukaambiwa tusubiri. Ni kituo kidogo, visima, maduka machache, mifugo, na siku zile askari wengi kuliko wateja. Nilimkuta Dalali amekaa kwenye kiti cha kamba nje ya duka, shali shingoni. Uvimbe ulikuwa umefika mahali ambapo kichwa chake kilikuwa kimeinama upande, na sauti ilitoka nyembamba. Binti yake, mwanamke mtulivu mwenye mtoto mgongoni, alileta maziwa ya ngamia, na nikamwona baba yake akijaribu kumeza, akingoja, akijaribu tena, kisha akanipa mimi chombo.

"Kunywa, Maalim. Hii si ya kumwaga."

Nilikunywa. Tukakaa. Hakuniuliza habari za mkewe, nami nikampa bila kuulizwa: mzima, anakusalimu, anangoja. Aliitikia kwa kichwa kile kilichoinama.

Kisha akasema kwa Kisomali, polepole kwa sababu ya koo, "Maalim. Ungekuwa wewe, ungefanya nini?"

Kwa miaka yote niliyomjua hakuwahi kuniuliza maoni yangu juu ya kitu chochote, hata juu ya mvua. Nilikuwa nimeweka akiba maneno mengi ya kumwambia siku akiniuliza. Nilikuwa na yule mama wa ngamia, na mume wa muuza maziwa, na miguno yote. Nikayaacha yote.

"Ningeenda kwenye mashine," nilimwambia.

"Hata kama ni bure?"

"Daktari hakusema ni bure. Alisema kuna matumaini. Alikwambia ukweli tangu siku ya kwanza, adeer. Hajui kuuza. Ulisema mwenyewe."

Binti yake alikuwa amesimama mlangoni, amemshika mtoto asilie.

"Wewe ni mtu wa maneno," alisema mwishowe kwa Kiswahili, na ile dharau yake ya kila siku. "Huna kichwa ya biashara."

Asubuhi lori la bidhaa lilikuwa linaondoka na msafara kwenda kusini. Nilitoka kuuliza habari za gari langu, nikamkuta Dalali amesimama karibu na lori, mzigo wake mdogo umefungwa na binti, akimfokea dereva kwa sauti ile nyembamba kwamba kiti cha mbele ni chake, na yule kijana aliyekikalia ashuke akakae juu ya magunia. Kijana alishuka. Binti alimsaidia baba yake kuweka mguu kwenye ngazi. Aliuondoa, akausimamisha chini, akashika mlango kwa mikono yote miwili, akakaa hivyo, dereva akisubiri, injini ikinguruma. Nikaja nikamshika kiwiko. Nilisikia mtetemeko wake, kuanzia begani, ukipita kwenye mkono wangu. Kisha akapanda.

Alipokaa aliniita karibu na dirisha. Nilidhani atanishukuru, na nilikuwa nimeshatayarisha jibu la baridi.

"Maalim," akasema, "ukifika huko kwa watu, usiseme niliogoba."

Sikusema. Nilimtunzia miaka yote hii, mimi ambaye sikumpenda, na sijui kwa nini. Sasa amekufa yeye, na mkewe amekufa, na sioni sababu ya kuendelea kumfichia. Aliogopa. Aliogopa kuliko mtu yeyote niliyepata kumshika mkono, na akapanda.